Fundi Aliniapia Kwamba ni HD

Ukinunua Corolla ya 1993 hapa Moshi umenunua injini, mengine nyongeza. Yangu inawaka vizuri tu, ila siti za mbele zilishajifia. Ya dereva ilibonyea upande wa mlango, pale tunapoburuza makalio tukiingia na kutoka. Ya abiria ilitokeza ncha ya springi iliyowachania watu suruali, akiwemo shemeji yangu ambaye mpaka leo anadai fidia. Sponji yenyewe ilikuwa ya manjano, imekauka, ukiigusa inamwagika kama pumba.

Nikampelekea fundi wa makochi pale Majengo. Kazi anaijua, sitamwonea. Alifungua boliti, akakata vile vipete vya waya vinavyoshika kitambaa, akanieleza kwamba sponji ikikaa juu ya springi bila kitu katikati italiwa upesi. "Lazima litangulie gunia, mangi." Siti ya dereva akaijaza HD mpya, ile sponji nzito isiyobonyea upesi, nikiwa nimesimama pale pale. Ya abiria akaniambia nikanywe chai kwanza. Niliporudi, ilikuwa imeshafungwa na kufutwa vumbi.

Jumamosi tukawa na kipaimara Marangu. Baba mkwe akakaa mbele, kaunda suti imenyooshwa, mkongojo katikati ya magoti. Nyuma mama mkwe, na mke wangu kapakata keki.

Kiboriloni tulipita na kaubaridi ketu. Kukaribia Himo jua limeshakolea, siti imepata joto la nje na joto la mzee, na mzee ana uzito wake. Kila tuta tulilopanda, sponji ilikandamizwa, ikapumua. Ikapumua mkojo. Tena si wa jana: mkojo uliokomaa.

Nikatazama kioo. Mama mkwe alikuwa ananitazama mimi, mke wangu anaitazama keki. Mzee hakutazamwa na mtu, na hapo ndipo nilipojua wote tunamfikiria nani. Vioo vikaanza kushuka kimoja kimoja. "Leo kuna joto," mke wangu akasema kwa sauti ya msibani.

Mzee kimya. Nikauona mkono wake ukishuka taratibu, ukapapasa chini ya paja, ukapanda mpaka puani akijifanya anakuna sharubu.

"Mkwe, simama hapo njia panda, ninunue gazeti."

Miwani yake ilibaki nyumbani, na bila miwani hasomi hata bango. Nikasimama. Akapotelea nyuma ya kibanda cha vocha. Alirudi bila gazeti, ila anatembea kifua mbele, ameshinda kesi. Hakupanda. Aliinama mlangoni, akanusa siti.

"Mkwe, njoo unuse."

Nikanusa.

"Mama Aika, na wewe njoo, usije ukafika kwetu ukawapa watu habari nyingine."

Mama mkwe akanusa. Mke wangu akanusa, keki mkononi. Konda wa Noah za Rombo, ambaye hakuna aliyemwita, naye akaingiza kichwa. "Hilo godoro la mtoto hilo," akatoa hukumu, akarudi kuita abiria.

Nikabandua kitambaa kwa chini. Juu kulikuwa na HD nyembamba ya kudanganyia macho. Chini yake kipande cha godoro la zamani, mtoto kachora ramani mpaka mipaka ya wilaya inaonekana.

Nikapiga simu, nimeweka spika ili mzee asikie mwenyewe.

"Mangi, hiyo ni HD halisi! Imetoka kwangu nyumbani. Na kijana ameacha kuikojolea tangu mwaka jana."

"Uliifua?"

"Niliianika."

Mzee akaninyang'anya simu. Aliyomwambia aliyasema Kichaga na sitayaandika hapa. Konda aliacha kuita abiria ili asikilize. Alipomaliza, fundi akaomba radhi kwa heshima zote, akaahidi Jumatatu ataweka sponji mpya bila senti yangu.

"Ila mzee wangu," akaongeza, "hicho kipande mwambie asikitupe. Mama watoto ni mjamzito."