Baiskeli nzito ya safari kwa kwenda kazini: inafaa Unguja na Pemba?

Miongoni mwa baiskeli za mtumba zinazoingia Unguja kutoka Ulaya huonekana mara moja moja baiskeli ndefu ya fremu ya chuma, yenye keria nyuma na pengine na mbele, gia tele na spoki nyingi. Hiyo ni baiskeli ya safari ndefu, iliyoundwa imchukue mtu na mizigo yake kwa wiki kadhaa barabarani. Dawes Galaxy ya Uingereza, Trek 520 na Surly Long Haul Trucker za Marekani ni za aina hiyo. Ikiwa na keria, madigadi na taa, bila ya mzigo, hufika kilo 15 hadi 18. Anayeitaka kwa ajili ya kwenda kazini kila siku hupewa ushauri wa namna mbili: kuna watakaomwambia ni nzito bure kwa mwendo wa nusu saa, na kuna watakaomwapia kwamba hatapata chombo imara kuliko hicho. Kila upande una hoja yake, lakini mabishano mengi yanaishia kwenye kilo, na kilo si jambo litakalomsumbua mnunuzi wa hapa. Litakalomsumbua ni tairi.

Tuumalize uzito kwanza. Kwa kipimo cha visiwani, baiskeli hii si nzito. Phoenix ya Kichina yenye breki za fimbo inapita kilo 20, na zile za mtumba wa Kijapani zenye kikapu mbele nazo hukaribia hapo. Sifa ya uzito inatoka kwa wanaoilinganisha na baiskeli za mashindano za kilo 8 au 9. Chukua mpandaji wa kilo 70 na baiskeli mbili, moja ya kilo 12 na nyingine ya kilo 18. Kwenye barabara tambarare, kwa mwendo wa kilomita 18 kwa saa, nguvu nyingi za miguu zinaliwa na hewa. Zile kilo 6 zinaongeza ukinzani kwa asilimia 2 au 3 tu, na tairi lililolegea linakula zaidi ya hapo. Kwenye mlima, kupandisha kilo 6 hadi kimo cha mita 50 kunataka juli 3,000 hivi, na anayekanyaga kwa wati 100 anazilipa kwa nusu dakika.

Uzito unauma pale baiskeli inapobebwa. Anayekaa ghorofa ya nne kwenye majumba ya Michenzani, asiye na pa kuiweka chini, ataipandisha na kuiteremsha ngazi kila siku, na wiki ya pili tu ataanza kuiacha nje usiku. Kwa mtu huyo wanaopinga wana haki kabisa. Wana haki pia kwa anayefanya kazi ndani ya Mji Mkongwe: baiskeli hii ni ndefu kutoka gurudumu hadi gurudumu, na mikoba miwili ya pembeni inaifanya iwe pana, kwa hiyo vichochoroni atakuwa anaikokota na kupisha watu kila baada ya hatua chache. Safari ya kilomita 3 kutoka Amani hadi Darajani haihitaji chombo hicho.

Mambo hubadilika kwa anayetoka Bububu, Fuoni au Tunguu, au anayefundisha skuli ya shamba na kubeba madaftari ya kusahihisha. Hapo urefu huohuo uliokuwa kero unakuwa faida. Bomba la nyuma, kutoka kwenye krenki (pale mikono ya pedali inapozunguka) hadi ekseli ya nyuma, huwa na sentimita 45 au 46, kwa hiyo kisigino hakigongi mkoba. Mzigo unakaa chini, pande zote mbili, karibu na ekseli, na baiskeli haiyumbi dereva wa daladala anapopita karibu. Kilo 10 zilizofungwa juu ya keria kwa mpira zinayumba kuliko kilo 15 zilizogawanywa pembeni.

Kisha kuna breki, na hapa watetezi wa Phoenix hawana jibu. Rimu ya chuma iliyopakwa kromu, ikilowa, inateleza dhidi ya raba ya breki, na mpandaji anaweza kubana kwa nguvu zake zote huku baiskeli inaendelea kwenda. Wakati wa masika hiyo ni hatari ya kila asubuhi. Baiskeli za safari zina rimu za aluminiamu, na raba zinashika hata mvuani baada ya mizunguko michache ya kufuta maji. Gharama yake ni kwamba mchanga ukinasa kwenye raba unaisaga rimu yenyewe. Toa raba, chokoa punje za mchanga na vipande vya aluminiamu kwa ncha ya kisu, kisha zisugue kwa msasa. Fanya hivyo kila wiki ya mvua.

Gia nazo zina mahali pake. Mpangilio wa kawaida ni meno 48, 36 na 26 mbele, na 11 hadi 32 au 34 nyuma. Kwa Unguja, gia ya kati ya mbele inatosha karibu safari nzima: 36 mbele na 17 nyuma, kwa mizunguko 80 ya pedali kwa dakika, ni kiasi cha kilomita 22 kwa saa. Lakini Pemba ni nchi ya vilima na mabonde, na kati ya Chake Chake na Wete barabara haitulii. Huko gia ya 26 kwa 34, inayoisogeza baiskeli mita 1.7 kwa kila mzunguko wa pedali, inamwezesha mtu kupanda amekaa, pale mwenye Phoenix anaposhuka na kusukuma. Hata Unguja, kusi ya mwezi wa saba inapomkabili anayetoka Bububu kuelekea mjini, kushusha gia moja kunaokoa magoti.

Sasa tairi. Baiskeli nyingi za safari zina gurudumu ambalo Ulaya huandikwa 28 au 700C. Phoenix nayo imeandikwa 28. Mnunuzi anaona namba moja na kuamini atapata tairi kila duka. Atazame namba ndogo iliyochapwa ubavuni mwa tairi: ya Ulaya ni 622, ya Phoenix ni 635. Hicho ni kipenyo, kwa milimita, cha pale tairi linapokaa kwenye rimu, na tofauti ya milimita 13 haina ujanja. Tairi la Phoenix kwenye rimu ya 622 litakaa limelegea na litatoka kwenye rimu. La 622 halitaingia kwenye rimu ya Phoenix hata fundi alivute kwa bisibisi mbili. Mpira wa ndani ni habari njema, kwani wa Phoenix unanyumbuka na unaingia kwenye tairi la 622 lenye upana wa milimita 37 au 40, mradi tundu la vali kwenye rimu liwe pana la kutosha.

Rimu pia hazibadilishani. Phoenix ina matundu 32 mbele na 40 nyuma. Baiskeli ya safari ina 36 na 36. Rimu ikipinda kwenye shimo la Mwanakwerekwe, fundi hawezi kuchomoa ya Phoenix akaifunga kwenye habu yako, yaani kitovu cha gurudumu. Vali nayo: baiskeli nyingi za safari zina vali nyembamba ya Kifaransa isiyokubali pampu za mafundi wetu. Ama ununue kipande cha shaba cha kuunganisha na kukiacha kimefungwa kwenye vali, ama upanue tundu la rimu kutoka milimita 6.5 hadi 8.5 ili uingie mpira wenye vali ya gari. Njia ya pili ndiyo bora kwa huku, maana unajaza upepo popote pale. Usitoboe kama rimu ni nyembamba sana.

Sehemu nyingine ni rahisi zaidi kuliko watu wanavyodhani. Habu za gololi zisizofungiwa zinatumia gololi za robo inchi nyuma, kwa kawaida 9 kila upande, na za 3/16 ya inchi mbele, 10 kila upande. Gololi hizo fundi anazo kwenye kopo. Jambo la kuangalia ni gia za nyuma: zikiwa za kufungwa kwa uzi juu ya habu, utazipata madukani, ila ekseli ya aina hiyo hupinda chini ya mzigo kwa sababu upande wa kulia gololi ziko mbali na fremu. Zikiwa za kaseti, yaani za kuchomekwa kwenye habu na kubanwa kwa pete, ekseli ni imara, lakini unahitaji kifunguo maalumu, na ukivunja spoki ya upande wa mnyororo huwezi kuibadilisha bila ya kuzitoa kwanza. Kifunguo hicho kiagizwe mapema, na spoki 3 za urefu kamili zifungwe kwa utepe kwenye bomba la nyuma.

Kutu ni adui asiyelala visiwani, na chuma kinamwogopa kuliko aluminiamu. Hiyo ni hoja ya haki dhidi ya fremu hizi, ingawa chuma kina faida yake: kikipasuka, fundi wa kuchomelea anaweza kukiziba, na ya aluminiamu hawezi. Kutu huanzia ndani, ambako macho hayafiki. Toa bomba la kiti, mimina oili ndani ya fremu, iinamishe huku na huku, kisha iache ichuruzike. Hakikisha kuna tundu dogo chini ya boksi la krenki. Kama halipo, toboa la milimita 4, maana maji ya masika yanajaa hapo. Bomba la kiti likiwa la aluminiamu ndani ya fremu ya chuma, hewa ya chumvi huyagandisha mawili hayo hadi yasiachane. Lipake grisi na ulizungushe kila mwezi.

Kosa linalovunja baiskeli hizi huku ni kupakia mtu. Keria ya Phoenix imezoea gunia na abiria, lakini nyingi za baiskeli za safari zimekadiriwa kilo 25 tu, na za aluminiamu hupasuka chini, karibu na skrubu. Mwenye desturi ya kumpakia mtoto au jirani abaki na Phoenix, au atafute keria ya chuma yenye skrubu za milimita 6.

Tukipima yote, anayesafiri kilomita 8 na zaidi kila upande, mwenye mzigo wa kila siku na pa kuiweka chini, atafaidika. Lakini kabla ya kutoa pesa aulize kama ipo yenye magurudumu ya 26, yaani 559. Fremu ndogo za Long Haul Trucker zilitengenezwa hivyo, na matairi yake ni yaleyale ya baiskeli za milimani yaliyojaa madukani. Asipoipata, baiskeli ya milimani ya chuma ya miaka ya 1990 isiyo na springi mbele, ikivishwa tairi laini la inchi 1.75, keria na madigadi, inafanya karibu kazi yote hiyo na kila fundi anaijua. Upungufu wake ni bomba la nyuma la sentimita 42 au 43, hivyo mikoba isogezwe nyuma hadi kisigino kipite. Mwanamke anayevaa buibui atasumbuka na bomba la juu la aina zote mbili. Kwake ya Kijapani yenye fremu ya chini na kifuniko cha mnyororo ndiyo yenye akili, isipokuwa njia iwe na vilima.

Anayeamua kuchukua ya 622 anunue matairi mawili ya akiba ndani ya wiki hiyohiyo, kutoka Dar es Salaam au popote yalipo, asingoje la kwanza lichanike. Na kabla ya kulipa aipime. Pini ya kwanza ya mnyororo ikiwa kwenye sifuri ya rula, ya 25 iwe kwenye inchi 12 kamili. Ikipita kwa milimita 1.5 mnyororo umekwisha, ikipita kwa 3 basi na meno ya gia yameliwa. Legeza bolti ya kiti uone kama bomba lake linazunguka. Funga uzi kwenye fremu pale ekseli ya nyuma inapokaa, uuzungushe mbele kwenye bomba la usukani, uurudishe upande wa pili, kisha pima nafasi kati ya uzi na bomba la fremu linaloshika kiti kulia na kushoto: zikipishana zaidi ya milimita 2, fremu imepinda. Mwisho, simama juu yake miguu yote chini. Nyingi zimetoka kwa watu warefu, na kama hakuna angalau sentimita 3 kati yako na bomba la juu, iache hata kama bei ni nzuri.