Pesa za Gates twazitaka, masharti je?

Tangu Bill Gates atangaze Mei 2025 kwamba shirika lake litatoa dola bilioni 200 hivi ndani ya miaka 20 halafu lifungwe kabisa mwisho wa 2045, maskani za huku Mombasa ubishi ni ule ule, kuna wanaosema mzee wa watu asaidia awachwe, na kuna wale wa "sindano zina chip", yaani kwamba chanjo zake zatutia vifaa vya kutufuatilia. Hao wa chip mimi siwajibu, maana wakishaingia tu gumzo laharibika na maswali ya maana hayaulizwi tena. Na maswali yapo.

Kwanza tumpe haki yake. Gates Foundation ilianza 2000, na mwaka mmoja kabla Gates alikuwa ashatoa ahadi ya dola milioni 750 za kuanzisha Gavi, ule muungano wa kuzinunulia nchi maskini chanjo. Ukidhani hayo ni mambo ya mbali huko Geneva basi angalia hapo Kilifi tu. Chanjo ya nimonia, ile wauguzi waita PCV, iliingia Kenya 2011 kwa msaada wa Gavi, na watafiti wa KEMRI-Wellcome walikuwa wakifuatilia watoto wa Kilifi kabla na baada, wakakuta maradhi makali ya vile vijidudu vilivyolengwa na chanjo yameshuka zaidi ya asilimia 90 kwa walio chini ya miaka 5. Asilimia tisini bwana! Mama ambaye mwanawe hakulazwa, umuelezee ubaya wa mabilionea uanzie wapi? Chanjo ya malaria nayo, RTS,S, ilijaribiwa hapo hapo Kilifi na sehemu nyengine za Afrika, kampuni ya GSK na shirika la PATH ndio walikuwa wakiisukuma na pesa za Gates zilikuwa nyuma yake, mpaka 2019 Kenya ikaanza kuichanja kule Homa Bay. Kampuni ya dawa peke yake haingevumilia miaka yote hiyo, malaria ni maradhi ya watu wasio na pesa, faida aitoe wapi.

Hapo niko na watetezi wake mia kwa mia. Nnapoachana nao ni kwenye hili la nani achagua.

Na watu wa Mombasa hatuna haja ya kufunzwa hili, tuna wakfu, ile mali Muislamu aitoa kwa ajili ya Mungu isiuzwe tena. Mtu akiweka nyumba yake ya Mji wa Kale wakfu, sharti aliloandika ndilo litakalofuatwa, kodi iende msikitini au kwa mayatima, wewe huwezi kuja ukasema mimi naona bora tununue ambulensi. Sawa, mali ni yake. Lakini wakfu una mutawali, yaani msimamizi, na mutawali akila kuna Tume ya Wakfu na kuna kadhi, waweza kumshtaki. Sasa shirika la Gates lina sharti la mwenye mali, lakini mtu wa Likoni akiona limekosea aende kwa nani? Kwa miaka mingi wadhamini walikuwa watu watatu tu, Bill, Melinda aliyekuwa mkewe, na tajiri mwenzao Warren Buffett. Buffett akajitoa 2021, mwaka uliofuata wakaongeza bodi, yumo mfanyabiashara Strive Masiyiwa wa Zimbabwe, Melinda naye akaondoka 2024. Ni afadhali, sikatai, ila hakuna hata mmoja aliyechaguliwa na hao wanaochanjwa.

Ndio maana ile notisi ya Oktoba 2024 iliwakera watu, serikali yetu ilipoipatia Gates Foundation kinga kama za kibalozi, za kutoshtakiwa. Chama cha Mawakili kikaenda kortini na Novemba Mahakama Kuu ikaisimamisha. Wengine walisema hizo ni kelele, kwani mashirika ya UN hayana kinga hizo? Yanazo, lakini UN ni ya nchi wanachama na Kenya ni mwanachama, ina kiti na ina sauti. Hili ni shirika la mtu.

Halafu hilo sharti lapanda mpaka juu. Ile michango ya lazima ambayo nchi zalipa WHO, Shirika la Afya Duniani, kwa miaka mingi haikufika hata robo ya bajeti, pesa nyingi ni za hiari na zaja zishaandikwa hii ya polio, hii ya kitu fulani, na Gates kwa miaka amekuwa miongoni mwa watoaji wakubwa kabisa, polio ikichukua fungu nono. Polio kazi imefanyika, 1988 walikuwa wakipooza kama 350,000 kwa mwaka duniani na sasa virusi vya asili vimebaki Pakistan na Afghanistan. Lakini we nenda zahanati yoyote ya Kisauni au Changamwe uwaulize wazee wamekuja na nini. Sukari na presha. Hizo msaada wa kimataifa wazipa makombo, na sababu naiona ni moja: chanjo yahesabika. Dozi kadhaa, watoto kadhaa, vifo kadhaa vimeepukwa, grafu yapanda vizuri mkutanoni. Presha yataka vidonge kila siku mpaka mtu afe, yataka mashine ya kupimia isiyoharibika na muuguzi anayekujua jina, na hakuna siku utaita waandishi wa habari utangaze imetokomezwa.

Si wanaharakati peke yao waliolalamika. Mwishoni mwa 2007 Arata Kochi, aliyekuwa mkuu wa malaria hapo WHO, aliandika kwamba wanasayansi wakubwa wa malaria wamefungamana na mfuko mmoja, huo wa Gates, kiasi kwamba kumpata wa kuikagua kazi ya mwenzake kwa uhuru imekuwa kazi.

Ila sasa, na hapa najua wenzangu watanuna, mimi nikipima lawama, iliyo nzito haiendi Seattle kwenye makao ya Gates. 2001 marais wa Afrika walikaa Abuja wakaahidi asilimia 15 ya bajeti iende kwa afya, sisi hatujafika. Mwenye kuweka pesa mezani ndiye hupanga orodha, na sisi tuliiacha meza tupu wenyewe. Katikati ya 2025 BCG, ile chanjo ya kifua kikuu, na chanjo ya polio zilipungua nchini, watoto wachanga wakarudishwa nyumbani bila sindano, na moja ya sababu ilikuwa serikali kuchelewesha sehemu yake ya malipo. Mwaka huo huo USAID, shirika la misaada la Marekani, ikafungwa. Nayo Gavi yatarajiwa kuacha kutununulia kwenye mwaka wa 2030 hivi, yaani huo mwisho wa 2045 tunaoubishania ni mbali, kuna mwengine utatufika kwanza. Bajeti ikisomwa Juni watu huuliza petroli na unga, mwaka huu wabunge wetu wa Pwani waulizwe chanjo imewekewa shilingi ngapi na zatoka mwezi gani.