Tunailinda SSD dhidi ya adui gani?

Wapo mafundi wa Mtwara mjini na Masasi ambao wakikufungia SSD, diski ya kisasa isiyo na sehemu inayozunguka, hawakurudishii kompyuta hivihivi. Ili SSD iandikwe kidogo, huzima haibanesheni (kuhifadhi kazi iliyofunguliwa kwenye diski kisha kuzima mashine), huzima uorodheshaji wa mafaili, na faili la peji, lile Windows inalolitegemea RAM, yaani kumbukumbu ya muda, ikijaa, hulihamishia kwenye diski ya zamani, ile ya kuzunguka. Wengine husema hiyo ni kazi bure: weka Windows, iache. Kila upande una hoja, ila ubishi wote ni juu ya kuchakaa, na huku kusini si kuchakaa kunakoziua diski hizi mapema.

Ni kweli chembe za SSD huchakaa kila zinapofutwa na kuandikwa upya. Ndiyo maana watengenezaji hutaja kiwango cha data kinachoweza kuandikwa: Crucial MX500 ya GB 500 ni TB 180 (TB moja ni GB 1,000), Samsung 870 EVO ya ukubwa huohuo ni TB 300. Sasa chukua ofisi ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, msimu wa korosho, inaingiza uzito wa magunia, inachapa malipo ya wakulima, mtandao uko wazi kutwa. Tuseme inaandika GB 20 kila siku, na hapo nimezidisha. TB 180 zitakwisha baada ya siku 9,000, zaidi ya miaka 24. Kompyuta yenyewe haifiki huko.

Fundi ana haki mahali pawili. Diski ikiwa ya GB 120 tu, kila GB unayoiokoa ina maana. Na anayerekodi kamera za ulinzi usiku kucha aziweke rekodi hizo kwenye diski ya kuzunguka. Lakini faili la peji kulipeleka huko ni kujinyima kasi ileile uliyoinunua. Kompyuta ya RAM GB 4 inayohangaika dawa yake ni kuongezewa RAM.

Haibanesheni ndiyo inayonisikitisha zaidi. Umeme ukikatika na betri ya laptopu ikikaribia kwisha, hiyo ndiyo huandika kazi yako kwenye diski kabla mashine haijazima. Unaizima ili kuokoa GB chache, kisha orodha ya wakulima inapotea.

Umeme, basi. SSD huweka ramani ya mahali ilipo kila data, na nyingi za bei ya kawaida hazina kapasita, vifaa vidogo vya kutunza chaji, za kuiwezesha kumaliza kazi umeme unapokatika ghafla. Ramani ikiharibika, diski inaweza isionekane kabisa. Mtwara na Lindi kwa miaka mingi zilitegemea mitambo ya gesi ya Mnazi Bay, nje ya gridi ya Taifa, na mgao tunaujua. Kwa hiyo kompyuta ya mezani bila UPS, betri ya akiba inayoshika umeme ukikatika, ni hatari kuliko mipangilio yote ya Windows. Hatari zaidi ni ule mpangilio unaoizuia Windows kuiamuru diski iandike mara moja data iliyo kwenye bafa, hifadhi ya muda ya diski. Hupendekezwa kwa ajili ya kasi, kwetu usiuguse.

Yanayobaki hayana gharama. Kompyuta za mtumba zikaguliwe BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine kabla Windows haijawaka, iwe kwenye AHCI, njia ya kisasa ya kuwasiliana na diski. TRIM, inayoijulisha SSD data ipi imefutwa, ipo tangu Windows 7 ya mwaka 2009. Hakikisha tu haijazimwa. Acha wazi asilimia 10 hadi 20 ya nafasi, maana SSD iliyojaa huzorota na kuchakaa haraka. Matundu ya hewa yasizibwe vumbi.

Fedha ikibana, mimi ningenunua diski ndogo pamoja na UPS kuliko diski kubwa peke yake. Diski ya zamani, kama bado nzima, itiwe kwenye kasha la USB ipokee nakala za kila wiki kisha ichomolewe. Kazi hiyo inaifaa kuliko SSD, ambayo ikishachakaa na kukaa miezi bila umeme kwenye joto, chaji ya chembe zake huvuja na data huanza kupotea.