Kofia ya Baba Mkwe

Silingi ya pikapu yangu ilikuwa imening'inia mpaka abiria anaisukuma juu kwa mkono ndipo aone barabara. Ni Hilux ya zamani. Sponji ya kati ya kitambaa na ubao ilishaliwa na joto, ikabaki unga wa manjano. Ukifunga mlango kwa nguvu, unakunyeshea. Wateja wangu wa mawese pale Kibirizi, Kigoma, walishazoea kushuka wakijikung'uta.

Nikampelekea fundi makochi wa Mwanga. Akabandua kitambaa, akakwangua ule unga huku akipiga chafya, kisha akapaka gundi ya mpira, ile ya mafundi viatu. Gundi hiyo unapaka pande zote mbili, unasubiri ikauke kidogo, ndipo unabandika, na ikishashika hakuna kusogeza. Ubao alikataa kuutoa, eti umezeeka, utavunjika. Akapaka humo humo ndani, tena bila uchoyo, akaenda kufuata kitambaa.

Simu ikaita. "Mwanangu, treni imewahi. Niko stesheni."

Baba mkwe haambiwi apande bajaji. Tena alikuwa anasubiriwa Ujiji kwenye ndoa ya mpwa wake. Nikamkuta kavaa kanzu na kofia ya mkono, mpya, imetobolewa vijitundu kwa sindano jicho kwa jicho. Na mzee ni mrefu.

"Shikamoo baba. Gari linanuka gundi kidogo."

"Marahaba. Si neno, fungua vioo."

Tuta la kwanza mzee akarushwa, akatua. Kofia haikutua. Ilibaki juu, imenata barabara, mdomo wazi kuelekea chini.

Mzee akajipapasa, akatazama dirishani. "Upepo umechukua kofia yangu! Simamisha!"

Sasa wewe, mkwe wako, ungemwanzia wapi? Nikasimamisha. Akashuka, akarudi nyuma akiwauliza bodaboda, nao wana huruma, mmoja akaingia mpaka mtaroni. Huku nyuma nikaishika kofia nikavuta. Ubao ukalia kwaa, ukataka kuja nao. Nikaiacha.

Mzee akarudi mikono mitupu. "Twende, tutachelewa."

Hesabu yangu ikawa hii: tuta linalofuata nilipande kwa kasi, kofia imdondokee mapajani, tumshukuru Mungu. Nikalipanda. Kofia wala haikutikisika. Kilichogonga silingi safari hii ni upara wa mzee, na alipoushusha, nyuzi za gundi zikamfuata kama mrenda. Akapeleka mkono kichwani, mkono ukanata. Akainua macho polepole.

"Mwanangu."

"Naam, baba."

"Ile pale ni nini?"

"Naona ni kofia, baba."

"Ya nani?"

Ujiji walimweka kwenye kiti uani, shangazi wawili wakamsugua upara kwa mafuta. Mafuta kweli huilegeza gundi ile, ila waliyokuwa nayo jikoni ni mawese, na mawese ya kwetu ni mekundu. Picha zote za ndoa ile mzee yuko mstari wa mbele, kichwa wazi, anawaka.

Shehe alikuwa katikati ya hotuba simu yangu ilipoita. Fundi.

"Bosi, kitambaa nimepata, gari silioni! Liko wapi? Gundi itakauka!"