Kunazi Zilizong'atwa

Aliyekulia chini ya mkunazi anajua kwamba kunazi haisomeki kwa macho. Ngozi inang'aa, rangi imeiva, ukiing'ata unakuta ukakasi mtupu, au funza amekutangulia. Mizani yake ni ulimi. Ndiyo maana kisa cha Shabari kiliniingia siku ile ile nilipokisikia, kabla sijajua lolote la maana kuhusu Uhindu.

Shabari ni mwanamke wa porini, wa watu waitwao Washabara, ambao mbele ya Mabrahmini, tabaka la makuhani, hawakuwa na hadhi yoyote. Mwalimu wake, Matanga, alishaaga dunia, na yeye akabaki kwenye kibanda karibu na ziwa Pampa akimngoja Rama, mwana wa mfalme ambaye Wahindu humwabudu kama mungu. Wasimulizi husema alingoja mpaka uzee ukamkuta, kila siku anafagia njia na kuchuma kunazi, kila siku mgeni haji. Rama alipotokea hatimaye na nduguye Lakshmana, wakimtafuta Sita, mke wa Rama, aliyetekwa, bibi kizee aliketi chini na kapu lake. Aling'ata moja moja. Chungu akaitupa, tamu akampa mgeni mkononi, alama ya meno ikiwa bado mbichi. Rama akala.

Kwetu makombo ni makombo tu, mtoto anamalizia sahani ya baba na hakuna anayeshtuka. Kwa Wahindu neno lao, jutha, lina uzito mwingine. Chakula kilichopita mdomoni mwa mtu ni najisi kwa mwenzake, sembuse kwa mungu. Anayepika sadaka ya hekaluni haonji hata chumvi. Chakula kinapelekwa kwanza mbele ya sanamu, kisha kinarudi kwa waumini kikiwa prasadi, yaani waumini ndio wanaokula alichobakiza mungu. Makombo huteremka. Shabari aliyapandisha.

Wajuzi watakuambia upesi kwamba hayo ya kung'ata hayamo katika Ramayana, utenzi wa Kisanskriti wa Valmiki kuhusu Rama. Kweli hayamo, humo Shabari anamkaribisha Rama kwa matunda ya msituni, basi. Meno yaliongezwa na wasimulizi wa karne za baadaye. Lakini sioni hilo kuwa kasoro. Bila yale meno tunabaki na habari ya mgeni aliyekirimiwa, na habari za aina hiyo zimejaa kila mahali. Waumini walihitaji mungu anayeweza kupokea kitu kilichokwisha kuonjwa, wakamtafutia nafasi ndani ya kisa walichokuwa nacho.

Tena si Shabari peke yake. Huko kusini, Kalahasti, Watamil wanamsimulia mwindaji Tinnan, ambaye habari zake ziliandikwa na Sekkizhar katika karne ya 12. Tinnan hakufundishwa ibada. Alileta maji mdomoni akaliogesha jiwe linaloabudiwa kama mungu Shiva, maua akayachomeka nywelani kwa kuwa mikono ilikuwa imejaa, na nyama aliitafuna kwanza ajue kama imelainika. Kuhani wa pale kila akija anakuta mifupa na mate, anasafisha huku analia. Kisha Shiva akamtaka kuhani ajifiche atazame. Jicho la jiwe likaanza kutoka damu. Tinnan akang'oa lake akalibandika. La pili nalo likavuja. Mwindaji akaweka kwanza kidole cha mguu juu ya jicho la mungu, apate kupapasa mahali penyewe akishakuwa kipofu, ndipo akainua mshale. Shiva akamshika mkono. Tangu hapo anaitwa Kannappa, kutokana na "kan", jicho kwa Kitamil.

Nakiri kisa hiki hunitia baridi. Kinachonivuta humo si macho, ni ule mguu. Mtu anamkanyaga mungu usoni, na hakuna tendo la heshima kuliko hilo.

Ukitaja mapenzi ya kimungu ya Kihindu, wengi hukimbilia kwa Radha na mpenzi wake, mungu Krishna, filimbi na mbalamwezi ya Vrindavan. Sina ugomvi nao. Ila picha zile zimekuwa nzuri mno, zinatundikwa ukutani kama kalenda. Neno lenyewe, bhakti, limetoka kwenye mzizi wa Kisanskriti "bhaj", wenye maana ya kugawana, kushiriki, na mimi nikilisikia naona kapu na sahani kabla ya kuona filimbi.

Lipo pia la kukasirisha. Watu walewale waliotokwa na machozi kwa ajili ya Shabari waliendelea kuwafungia milango ya mahekalu watu wa tabaka lake. Travancore, kusini mwa India, ruhusa ya Wahindu wa matabaka yote kuingia mahekalu ya dola ilitolewa na mfalme Novemba 1936. Kunazi zake zilikuwa zimeliwa kwenye hadithi kwa karne kadhaa.

Na bado kuna Andal, binti wa mji wa Srivilliputtur, mwanamke pekee miongoni mwa washairi watakatifu 12 waitwao Alvar. Baba yake alikuwa akisuka makoja ya maua ya mungu Vishnu. Binti, kabla koja halijaenda hekaluni, alilivaa kwa siri, akajitazama, akalivua. Siku moja baba akaona unywele umenasa kwenye maua. Akagomba, akasuka jipya. Usiku Vishnu akamjia ndotoni: hilo silitaki, niletee lile alilovaa mwanao.

Hadi leo, wakati wa sikukuu kubwa ya mwaka ya hekalu la Vishnu la Tirumala, sanamu ya Andal huvalishwa koja huko Srivilliputtur, kisha linavuliwa, linafungwa, linasafirishwa mpaka Tirumala na kuvalishwa Vishnu likiwa tayari limeshavaliwa.