Katuni ikifafanuliwa ndo inanoga
Eti katuni ya sayansi ukishaifafanua utamu unaisha, mi nakataa. Chukua ile ya xkcd (katuni za mtandaoni) ya 2007, shule inampigia mama simu kwamba rekodi za wanafunzi za mwaka huo zimepotea, kisa mama huyo kampa mwanae jina “Robert'); DROP TABLE Students;--”, sasa asiyejua databesi (mfumo wa kuhifadhi taarifa kwenye kompyuta) anaona takataka tu. Mwambie ile koma ya juu na mabano vinafunga jina, kinachofuata mashine inakisoma kama amri ya kufuta jedwali zima la wanafunzi, na vistari viwili vya mwisho vinaiambia ipuuze yaliyobaki, hapo ndo anaangua kicheko. Mi nafundisha vijana programu, huwa nawaonyesha hiyo kabla ya somo lolote la usalama (na yule mama alivyo mtulivu kwenye simu, mbavu sina). Nyie mliielewa wenyewe au mlielezwa?