Arado Ar 197: Je, mabawa ya tabaka mbili yalikuwa kosa?

Mwaka 1937, wakati ndege ya kivita ya Kijerumani Messerschmitt Bf 109 yenye tabaka moja la mabawa ilikuwa tayari ikipigana katika anga la Hispania, kampuni ya Kijerumani ya Arado ilirusha kwa mara ya kwanza Ar 197, ndege ya kivita ya majaribio yenye mabawa ya tabaka mbili, iliyokusudiwa kuruka kutoka Graf Zeppelin, manowari ya kubeba ndege iliyokuwa ikiundwa Kiel, Ujerumani. Wengi huiona kama kielelezo cha fikra zilizopitwa na wakati.

Wanaoilaumu wana hoja. Kasi yake ilikuwa takriban kilomita 400 kwa saa, wakati Bf 109 za mwanzo zilikuwa zimeipita na bado zilikuwa na nafasi ya kuboreshwa. Isitoshe, Wajapani walikuwa wamekwisha kuonyesha kwa Mitsubishi A5M, iliyoruka mara ya kwanza 1935, kwamba ndege ya tabaka moja ingeweza kutumika melini.

Hata hivyo, sitaha ya meli si uwanja wa ndege: ni fupi, nayo huyumba pamoja na mawimbi, hivyo rubani huhitaji ndege itakayobaki hewani kwa kasi ndogo bila kumponyoka. Kwa kazi hiyo mabawa mapana ya tabaka mbili yalifaa, na hapo ndipo Bf 109 ilipokuwa dhaifu, kwa kuwa magurudumu yake yaliyokaribiana yalileta ajali nyingi hata nchi kavu. Waingereza nao, ambao hakuna anayewaita wageni wa bahari, waliingiza ndege ya kivita ya melini Sea Gladiator ya tabaka mbili katika utumishi mwaka 1938.

Kwa maoni yangu, Ar 197 iliangushwa na kalenda ya meli kuliko na umbo lake. Zilijengwa ndege 3 tu za majaribio. Graf Zeppelin ikashushwa majini Desemba 1938, lakini haikukamilishwa kamwe. Ndege iliyoweza kutosha mwaka 1938 isingetosha mwaka 1941, na kwa hilo wakosoaji wako sahihi. Nafasi yake ilipewa Bf 109T, toleo la Bf 109 la kutumika melini, ambayo nayo, kabla ya kufikiriwa kwa sitaha, ililazimika kurefushwa mabawa kutoka mita 9.87 hadi 11.08, kisha ikaishia kutumika katika viwanja vifupi vya Norway.